Waga ya Merle na Jumba la Pennicott

Kila kitu kiliharibika Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi, asubuhi ya mnada wa vitu vikuukuu vya makumbusho. Wewe uliyekuwa nasi wiki jana unakumbuka tulivyomwacha Clarrie Tuckwell. Alikuwa amesimama nyuma ya makumbusho ya zamani ya mji wa Coolamurra, soseji na mkate mkononi, kitunguu kinamdondokea kiatuni, na Glenys Pratt, mtunza vitu vya makumbusho, anamjia mbio kutoka stoo kwa magoti ambayo daktari alishayakataza kukimbia.

Wewe uliyechelewa, vuta kiti. Hujapitwa na kitu ambacho Clarrie hatakirudia mwenyewe, maana yule mzee akianza kulalamika hana breki.

"Clarrie," Glenys alisema, akamkamata mkono wa shati. "Waga imeuzwa."

"Waga gani?"

"Ya Merle. Kuna nyingine?"

Soseji ilianguka chini. Ndege aliyekuwa akiivizia tangu asubuhi akaondoka nayo, na Clarrie hata hakumtukana.

Merle alikuwa mke wake. Amelala makaburini upande wa mto, na tangu alale huko Clarrie hajasema neno zuri juu ya mtu yeyote mwenye ofisi. Waga ni blanketi la watu wa mashambani, lile la kushona kwa magunia na miguu ya suruali zilizochoka. Merle aliishona wakati wa ukame mkubwa, kondoo wanakufa nje na upepo unaingia ndani kwa kila tundu la bati. Wakailalia miaka na miaka. Baadaye akaipeleka makumbusho kwa mikono yake, ikatundikwa karibu na mashine ya kusukia siagi, na chini yake kijikaratasi: Merle Tuckwell, Coolamurra.

Halafu wakubwa wa halmashauri wakaamka na mipango.

Makumbusho na ukumbi wa sanaa vibomolewe nusu, vijengwe upya kwa vioo, na jina libadilishwe. Kuanzia sasa mahali pale paitwe Jumba la Pennicott, kwa heshima ya Aubrey Pennicott, mchoraji maarufu aliyeishi hapo kilimani mpaka akafa. Watu wa mji walipiga kura, wakataka jina la zamani libaki. Halmashauri ikasema kura ilikuwa maoni tu. Wazee wa Wiradjuri, wenyeji wa asili wa nchi ile, walileta jina ambalo mahali pale palikuwa nalo kabla ng'ombe wa kwanza hajashushwa. Wakanyweshwa chai, wakashukuriwa, wakaahidiwa kibao kidogo njia ya kwenda chooni.

Na waga ya Merle? Ikatupwa stoo. Meya alisema si sanaa.

Aliyeiokoa, au tuseme aliyetaka kuiokoa, alikuwa mkurugenzi mpya wa jumba, Thea Karras, binti wa wauza samaki na chipsi kutoka Melbourne. Alimwita Clarrie pembeni akamwambia: "Mzee wangu, kuna ukuta mmoja umebaki mtupu. Itoe waga stoo uniletee kabla ya Jumatatu adhuhuri, mafundi wa kutundika hawajarudi Sydney. Wakishaondoka, hakuna kinachopanda tena, na ukuta huo Meya atauwekea picha yake na waziri."

Clarrie hakuwa amewahi kuiomba halmashauri kitu maishani mwake isipokuwa lami, na lami hakuipata. Sasa alitaka ukuta mmoja. Ndipo hapo waga ikauzwa.

"Imeuzwaje?" aliuliza. "Nani anauza kitu cha watu?"

Glenys alitazama viatu vyake. "Niliifungia kwenye gunia la sufu. Ili nondo wasiile."

Basi mambo yote yalikuwa hapo. Coolamurra kila kitu hufungiwa kwenye gunia la sufu: tandiko la farasi, gauni la harusi, saa ya bibi. Mtu akizaliwa hapa hajui namna nyingine ya kufunga kitu. Na ukishaifunga waga, ambayo yenyewe ni gunia kwa nje, ndani ya gunia lingine, unapata nini? Gunia. Vijana wa halmashauri walilitupa juu ya rundo la magunia makuukuu, na dalali akaliuza rundo zima kwa pumzi moja, kati ya ngazi iliyovunjika na pipa la rangi.

Clarrie alimkuta Meya Rhonda Scobie karibu na meza ya chai, kofia ya ujenzi kichwani, safi kama sahani mpya.

"Mmeuza blanketi la mke wangu."

"Tumeuza magunia, Clarrie. Mnada ni mnada. Kilichouzwa kimeuzwa."

"Lilikuwa ndani ya magunia."

"Na nani mwenye akili anafungia kitu cha makumbusho kwenye gunia?"

"Mama Meya," Clarrie alisema, "siku mlipohama shamba kuja mjini, vyombo vya mama yako mlivifungia kwenye nini?"

"Hilo si la leo."

"Kwenye nini?"

Meya alikohoa. Watu wa meza ya chai walikuwa wameacha kutafuna.

"Magunia ya sufu," alisema.

Keki za nazi zilipita upande wa Clarrie bila yeye kuomba. Lakini ushindi wa meza ya chai haurudishi blanketi. Akamwendea dalali.

"Nani kachukua magunia?"

Dalali alijikuna shingo. "Niliona kichwa kimetikisika kule nyuma. Kofia ya kijani. Nugget Doolan."

Glenys akafumba macho. "Mungu wangu. Kwa nini yeye."

Nikueleze kwa nini yeye. Clarrie na Nugget walinyoa kondoo pamoja tangu hawajaota ndevu, wakaoa mwaka mmoja, wakazika wake zao kanisa moja. Halafu Nugget akaingizwa kwenye kamati ya jina, na siku ya kupiga kura ya mwisho akaunyanyua mkono wake kwa Pennicott. Tangu hapo Clarrie akimwona anavuka barabara. Baa wanakaa wamepeana migongo, na mhudumu anawapelekea salamu za uongo kati yao, ili walau mmoja amnunulie mwenzake.

"Sitamwomba Nugget kitu," Clarrie alisema.

"Humwombi wewe. Waga inamwomba," Glenys alisema. "Ingia garini."

Walimkuta Nugget amekaa kwenye ngazi ya banda lake la kunyolea kondoo, mkono umefungwa kitambaa cha kufutia vyombo.

"Clarrie Tuckwell," alisema. "Nilidhani ulishahama dunia."

"Sijaja kwako. Nimekuja kwa magunia."

"Magunia leo hayapatikani. Yana mgeni."

"Mgeni gani?"

Nugget alisogea kidogo, akawaonyesha kwa kidevu. Ndani, juu ya rundo la magunia, alilala Duchess, mbwa wake wa kuchungia, mweusi, masikio yamesimama. Kwenye tumbo lake vitoto vilikuwa vimejipanga vinanyonya, vinene, vipofu, vinasukumana kama watu kwenye foleni ya bia.

"Niliyashusha tu, nikaenda kunywa chai," Nugget alisema. "Narudi, nakuta kaparua, kajitengenezea kiota, kazaa. Sikupanga hivyo. Nilitaka magunia ya kuzibia dirisha."

"Mtoe."

Nugget alinyanyua mkono uliofungwa. "Nilimwomba. Hili ndilo jibu."

Glenys alijaribu kwa jibini. Duchess alipokea jibini kwa adabu, akalimeza, akamwonyesha meno yote. Nugget alijaribu kwa mluzi ule unaowapanga kondoo mia uwanjani. Duchess alimtazama kama unavyomtazama mtu wa kodi.

"Basi tungoje," Nugget alisema. "Wiki tatu, nne, vitatembea vyenyewe."

"Jumatatu mchana," Clarrie alisema. "Nina mpaka Jumatatu mchana, halafu ukuta unakuwa wa Rhonda Scobie na waziri."

"Mbwa hajui Jumatatu, Clarrie."

Clarrie alivua koti lake, akalitandika kwenye mbao karibu na rundo, akakaa kando yake. Goti moja lililia. Duchess alinguruma. Clarrie naye alinguruma, kwa namna yake.

"Nguruma tu," alimwambia mbwa. "Walau wewe una sababu. Mimi nimenguruma miaka yote na sababu ninazo, nani amesikia? Barabara ya kwangu waliahidi lami kabla Merle hajapata mvi. Tuliwapikia chai wapimaji. Wakala keki, wakapima, wakaenda. Lami ikaenda kwa diwani, ambaye hata gari hana, analo la mkewe."

Mlangoni Nugget alimgusa Glenys. "Tazama sikio."

Sikio moja la Duchess lilikuwa limelala.

"Endelea," Glenys alinong'ona. "Clarrie, endelea."

"Niendelee nini?"

"Chochote. Halmashauri."

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kulalamika, Clarrie Tuckwell aliombwa aendelee. Akashika njia. Akasema kipilefti walichojenga mahali ambapo magari mawili hayajawahi kukutana. Akasema maua ya kwenye kipilefti, yanayomwagiliwa na watu watatu, mmoja ameshika bomba, wawili wamemshika yeye. Akasema choo cha bustani kinachofungwa jioni, saa ambayo wazee ndipo wanapokihitaji. Sauti yake ilikwenda chini, ikawa ndefu, sawasawa, kama mashine ya kunyolea inavyosikika kutoka nyumba ya pili. Jicho la kwanza la Duchess likafumba.

"Na huyu Nugget," Clarrie alimwambia mbwa, "tuliyekula naye sahani moja, akanyanyua mkono wake."

"Waliniambia hakuna mwingine anayepinga," Nugget alisema kutoka mlangoni. "Waliniambia na wewe umekubali."

"Nani alikuambia?"

"Rhonda."

"Na wewe ukaamini?"

"Alikuja na keki."

Clarrie alitaka kukasirika akakuta hasira haiko mahali pake pa kawaida. Alicheka kupitia puani, kidogo, asimwamshe mbwa. Na hapo Duchess alinyanyuka. Akajinyoosha. Akakichukua kitoto cha kwanza kwa mdomo, akakipeleka juu ya koti la Clarrie, akakiweka. Akarudi kuchukua cha pili.

"Sijawahi kuona," Nugget alisema.

"Koti lina joto langu," Clarrie alisema, lakini alijitengeneza kola ya shati kama mtu aliyepewa nishani.

Vitoto vilipohama vyote, Glenys alilivuta gunia polepole. Waga ilikuwemo. Ilikuwa na maji ya uzazi upande mmoja, na upande mwingine Duchess alikuwa ameiparua mpaka mshono ukaachia, urefu wa kiganja. Clarrie aliingiza kidole kwenye upenyo ili aone jeraha limeenda wapi.

Kidole kilikuta kitu kigumu. Halikuwa gunia, wala haikuwa sufu.

"Kuna kitambaa kingine humu," alisema. "Kimekunjwa."

Nugget aliinama na tochi yake ndogo ya funguo. Ndani ya tundu palionekana rangi: buluu kama anga baada ya mvua, na kando yake njano.

"Mkeo alishonea nini humu?"

Clarrie aliinama karibu na tundu. Alikuwa amenusa. Harufu ilikuwa imekauka, karibu iishe, lakini aliijua kama anavyoijua sauti ya lango lake. Tapentaini, ile inayoyeyusha rangi ya mafuta. Nywele za Merle zilinukia hivyo kila Jumanne jioni, aliposhuka kwenye gari la posta akitoka kufua kwa mzee Pennicott. Clarrie siku zote alidhani ni dawa ya sakafu.

"Msivute," alisema. "Hakuna anayevuta kitu. Glenys, ifunge."

"Kwenye nini?"

Wote watatu walitazamana.

"Kwenye shuka," Clarrie alisema. "Kwa mara moja katika historia ya mji huu, tufunge kitu kwenye shuka."

Jumatatu asubuhi jumba jipya lilinuka rangi mbichi na mbao zilizokatwa jana. Nje, mafundi wawili walikuwa juu ya ngazi wakipandisha herufi kubwa za chuma za jina la Pennicott, moja moja. Clarrie alipita chini yao bila kunyanyua macho. Nyuma yake Nugget alibeba waga begani ndani ya shuka la maua, na nyuma kabisa Glenys na mkasi wake wa kufumulia.

"Mzee wangu, umewahi," Thea Karras alisema. "Ukuta unakungoja. Mafundi wa kutundika wanakunywa chai ya mwisho."

"Kuna jeraha," Clarrie alisema. "Na ndani ya jeraha kuna kitu."

Thea alitandua shuka mezani, akawasha taa yake, akachungulia. Alichungulia muda mrefu. Aliponyanyua kichwa uso ulikuwa umebadilika, kama mtu aliyeonja chumvi alipotegemea sukari.

"Glenys," alisema, "nenda kamwite Meya."

Meya Rhonda alikuja na uso wa Jumamosi. Thea alimnong'oneza sikioni, na uso wa Jumamosi ukaondoka. Ndani ya dakika moja Clarrie alikuwa na kiti chenye mto na chai ndani ya kikombe chenye kisosi.

"Clarrie, ndugu yangu," Meya alisema. "Sukari ngapi?"

"Jumamosi mlikuwa mmeuza magunia. Leo nina kisosi. Niambieni kuna nini, au nachukua shuka langu naondoka."

Thea alikuwa wa kwanza kusema kweli, na kwa hilo Clarrie alimpenda. "Jumba hili linaitwa Pennicott," alisema, "na hatuna picha hata moja ya Pennicott. Zote ziko Sydney. Tuliomba kuazima, wakakataa. Ijumaa tunafungua, waandishi wanakuja, na ukutani tuna nakala za kuchapwa, kama za kalenda."

Nugget aliangua kicheko, akakificha ndani ya kofia.

"Na hicho kilicho ndani ya waga," Thea aliendelea, "kwa ninavyoona kwenye hilo tundu, ni turubai ya mchoraji. Na hiyo buluu ninaijua."

"Kwa hiyo fumua," Meya alisema. "Kata. Tunangoja nini?"

Clarrie aliweka mkono juu ya waga. Kiganja chake kilikuwa kikubwa, kina makovu ya waya wa uzio, na kilifunika viraka vitatu: suruali yake ya kunyolea, shati lake la harusi, na gunia la pumba.

"Huu ni mshono wa Merle," alisema. "Kila uzi hapa aliuvuta yeye. Mkiukata, haurudi. Na mtachukua picha yenu, na hii mtairudisha stoo."

"Hakuna anayesema hivyo," Meya alisema.

"Ulisema si sanaa."

"Nilisema..." Meya alitafuta alichosema. Hakukuta njia nzuri ya kukisema upya.

"Mimi nataka hivi," Clarrie alisema. "Waga inapanda ukutani leo, mbele ya macho yangu, kabla mafundi hawajaondoka. Viraka nje, kama alivyoilaza. Jina lake chini, kubwa, mtu asome bila miwani. Kilichomo ndani mtanionyesha mimi kwanza, na kitakwenda popote nitakaposema mimi. Na anayefumua ni Glenys, kwa upande ulioachia tu, na akimaliza anaurudisha."

"Ukuta ule ulikuwa wa..." Meya alianza.

"Wa waziri, najua. Mwambie waziri kuna nafasi njia ya chooni, karibu na kibao cha Wiradjuri. Ama basi, kibao kile kitolewe huko kije mlangoni, na waziri apate choo peke yake."

Thea aligeuka akaanza kutafuta kitu kwenye begi lake ambacho hakikuwemo. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Meya alitazama saa. Alitazama waga. Alitazama nakala za kalenda ukutani.

"Sawa," alisema.

"Yote?"

"Yote, Clarrie. Fumueni."

Glenys alikaa. Yeye na Merle walikuwa wameshona pamoja kwenye chumba cha kanisa maisha yao yote, na aliujua mkono ule. "Alikuwa anafunga fundo mara mbili," alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliyelala. "Nilimwambia mara moja inatosha. Hasikii." Mkasi uliingia. Uzi mmoja, wa pili, wa tatu. Hakuna aliyekunywa chai.

Turubai ilitoka imekunjwa mara nne. Thea aliikunjua kwa vidole vilivyovaa glovu, kidogo kidogo, mpaka ikalala mezani.

Havikuwa vilima vya Pennicott vya kwenye kalenda. Lilikuwa jiko. Jiko la nyumba ya bati, dirisha wazi, buluu yote ile ya anga ikimwagika ndani mpaka juu ya meza. Na mezani mwanamume kijana amesinzia, shavu juu ya mkono, viatu vya kazi miguuni, kijiko bado amekishika, sahani ya mchuzi mbele yake imeliwa nusu. Mwanga wa njano ulikuwa umemkaa shingoni, pale jua linapomchoma mjenga uzio. Aliyemchora hakuwa na haraka. Alikuwa amemtazama vizuri, na alikuwa amempenda.

"Huyo," Nugget alisema polepole, "ni wewe."

Clarrie alikuwa ameshaona. Mguu mmoja wa meza ulikuwa mfupi, na chini yake palikuwa na kopo la tumbaku. Kopo lile alilisukuma pale kwa mkono wake mwenyewe, kule kijito cha Mullock, mwaka wa kwanza wa ndoa, wakati akijenga uzio wa watu na mji uko mbali nusu siku ya barabara.

"Ni Pennicott," Thea alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda juu. "Hakuna mwingine anayeweka mwanga hivi. Ni zile za mwisho, zile zilizomfanya awe Pennicott. Wataalamu mpaka leo wanashangaa, maana mwanzo alikuwa mchoraji wa kawaida tu, halafu uzeeni ghafla anachora hivi."

"Pennicott hajawahi kufika nyumba hiyo," Clarrie alisema.

"Labda alipita siku moja, wewe umelala."

"Alikuwa hatoki kwake kilimani. Merle ndiye aliyekuwa akimwendea, kila Jumanne. Na mbwa wangu wa wakati ule asingempitisha mtu lango."

"Uzeeni?" Nugget alidakia. "Mzee Pennicott uzeeni? Nilikuwa nampelekea kuni. Alikuwa haoni. Nilikuwa namshika mkono namwambia ni mimi Nugget, ndipo anasalimu. Kikombe chake cha chai alikuwa anakitafuta kwa vidole."

Glenys aliuweka mkasi mezani bila kutoa mlio. Meya Rhonda, ambaye hakuwa mjinga, alianza kupungua rangi kuanzia masikioni.

Thea aliinama tena juu ya turubai. Alitafuta jina la mchoraji kwenye kona ya chini, pale majina yanapowekwa. Kona haikuwepo. Ilikuwa imekatwa, safi, kwa mkasi wenye meno wa mshona nguo.

"Mzee wangu," alisema, na safari hii aliongea taratibu sana, "kwenye nyumba hiyo ya kijitoni mlikuwa mnaishi wangapi?"

"Wawili."

"Wewe na Merle."

"Mimi na Merle."

"Na Merle, hizo Jumanne, kilimani kwa Pennicott, alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anafua," Clarrie alisema. Alimtazama kijana aliyelala na kijiko mkononi. Akaitazama njano ile shingoni kwake, iliyowekwa na mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. "Ndivyo alivyoniambia. Mimi sikuuliza tena."

Mlango mkubwa ulifunguka, upepo wa barabarani ukaingia. Fundi wa herufi alichungulia, kofia mkononi, spana mfukoni, na nyuma yake mwenzake alikuwa bado juu ya ngazi, amekumbatia chuma kinachong'aa.

"Samahani, Meya," alisema. "Jina limebakiza herufi mbili. Tuzipandishe, au tungoje?"